Nguvu ya injini na mafuta kwenye mlima wa Bugarama

Lori linalotoka Bujumbura kwenda Gitega huanzia kando ya Ziwa Tanganyika, takriban mita 774 juu ya usawa wa bahari, na baada ya kilomita 35 hivi hufika Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Mlima huo huwafanya wasafirishaji wengi watafute injini kubwa.

Lakini kupandisha tani 40 kwa mita 1,300 hula takriban lita 35 za dizeli, hata kwa injini nzuri inayogeuza asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Msuguano wa matairi haujahesabiwa. Nguvu zaidi hupunguza muda wa kupanda, si lita hizo. Injini isiyo na tabo, nayo, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 za mwinuko.

La kutazama kwanza ni mzigo unaelekea wapi. Anayepakia bandari ya Bujumbura kwenda mikoani hupanda amejaa. Huyo anahitaji nguvu. Anayetoka Dar es Salaam kupitia Kabanga na Kobero huteremka Bugarama na shehena, na akirudi mtupu nguvu nyingi ni gharama tu. Breki ya injini itamfaa zaidi.

Kuteremka frii ili kubana mafuta ni hesabu mbovu, hata nyakati za uhaba kama ulioikumba Burundi miaka ya 2020. Injini za kisasa hukata dizeli zenyewe gari likiwa kwenye gia na dereva hajakanyaga mafuta. Kwenye frii huendelea kunywa. Na mbele kuna baiskeli za wabeba ndizi.