Nani Mwenye Soketi? Historia Fupi ya Kinanda cha Betri

Mtoto wa kaka yangu ananiita baba mdogo, na kama walivyo vijana wengi, hunitafuta akiwa na shida ya hela au ya ushauri. Safari hii ilikuwa ushauri. Anapiga kinanda kwenye shughuli za mtaani huko Mbagala, harusi na vigodoro. Juzi juzi umeme ulikatika bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, kinanda kikatoa moshi. Kikafa pale pale, na malipo ya usiku ule hakuyaona. Sasa amejikusanya tena, shilingi laki nne, na anataka sinthesaiza ya kubebeka, ngumu, inayotumia betri.

“Baba mdogo, wewe si unasoma sana? Niambie ninunue kipi.”

Nilidhani nitamjibu kwa jina moja tu nikaendelea na chai yangu. Nikashindwa. Swali lake lina historia ndefu, na nilivyozidi kuifukua ndivyo nilivyoona kwamba nyuma ya swali la kinanda kuna jingine: anayepiga muziki anategemea soketi ya nani?

Tuanze mbali kidogo. Robert Moog alianza kuonyesha sinthesaiza zake Marekani mwaka 1964. Zilikuwa makabati yaliyojaa nyaya, vyombo vya studio na vyuo vikuu. Mwaka 1970 ikaja Minimoog, chombo kimoja ambacho mwanamuziki angeweza kupanda nacho jukwaani. Mwaka uliofuata kampuni ya EMS ya London ikaingiza sinthesaiza nzima ndani ya mkoba, ikaiita Synthi A. Ukiubeba mkoba ule ungedhani wewe ni wakili. Lakini ukifika unakokwenda, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta soketi ukutani. Kumbe kubebeka ni jambo moja, kujitegemea ni jingine.

Betri zilikuja baadaye. Mwaka 1978 Waingereza walitoa Wasp, kitu cheusi na njano cha plastiki, chenye spika yake ndani na uwezo wa kutumia betri. Kilikuwa cha bei nafuu, ila funguo zake zilikuwa alama tu zilizochorwa juu ya kibao, hazibonyei. Mwaka 1982 Roland wakatoa SH-101, iliyokula betri sita za ukubwa wa kati na kuvaliwa begani kama gitaa. Betri moja ni volti 1.5, sita ni volti 9. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyomtoa mpiga kinanda ukutani.

Lakini waliokifikisha kinanda cha betri mikononi mwa watu wa kawaida hawakuanzia kwenye muziki. Ndugu wa ukoo wa Kashio huko Japani walikuwa watengeneza mashine za kuhesabu. Mwaka 1957 walitoa mashine yao iitwayo 14-A, kubwa kama meza, na kampuni ikachukua jina la Casio. Miaka ikapita, mashine za kuhesabu zikapungua hadi kuingia mfukoni. Kwa hiyo walipotoa kinanda chao cha kwanza, Casiotone 201, mwaka 1980, walikuwa watu waliokwisha kuzoea kufanya kazi nyingi kwa umeme kidogo. Ujamaa huo unauona waziwazi kwenye VL-1, kinanda chao kidogo kilichokuwa pia kikokotoo. Unapiga wimbo, ukimaliza unapiga hesabu za deni la duka. Watu wa muziki walikicheka. Mwaka 1982 kundi la Kijerumani la Trio lilikitumia kwenye wimbo wa “Da Da Da”, ukavuma nchi nyingi, na kicheko kikapungua.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Jamaika. Mwaka 1981 Casio walitoa MT-40, kinanda kidogo chenye midundo iliyopangwa tayari kiwandani. Mmojawapo ulitungwa na Hiroko Okuda, binti aliyetoka chuo cha muziki na aliyependa sana rege. Mwaka 1985 mdundo ule, baada ya kupunguzwa kasi, ukawa msingi wa “Under Mi Sleng Teng” wa Wayne Smith, chini ya mtayarishaji King Jammy. Rege ya Kingston ikageuka ya kidijitali kuanzia hapo. Hakukuwa na studio ya kifahari katika kisa hicho. Kulikuwa na kijana, kinanda cha nyumbani, na kitufe kimoja.

Na sisi je?

Ili uelewe kilichotokea Dar es Salaam, kumbuka kwanza muziki wa dansi ulivyoendeshwa. Gitaa, ampu na seti ya ngoma havikuwa vya mpigaji. Vilikuwa vya mwenye bendi, na mara nyingi mwenye bendi alikuwa taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, shirika la usafiri la UDA lilikuwa na yake. Mwanamuziki aliajiriwa. Hilo lilimpa mshahara na lilitupa nyimbo tunazozipenda hadi leo, sikatai. Ila aliyegombana na mwenye vyombo aliondoka na sauti yake tu. Na fedha za kigeni zilipokuwa adimu, mtu binafsi kuagiza ampu lilikuwa jambo la ndoto.

Ndipo milango ya biashara ilipofunguliwa, kuanzia katikati ya miaka ya 1980, na vinanda vidogo vya Casio vikaanza kuonekana mitaani. Vingi vilitengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaojifunza. Vijana wa uswahilini wakavichukua, wakavitia kwenye ngoma za asili, kwenye kigoda kinachochapwa kwa fimbo, na kwenye spika za honi zinazopasua sauti. Huo ndio mchiriku. Chiriku ni ndege mdogo mwenye kelele, na mtu anayesema sana naye huitwa chiriku, kwa hiyo jina limekaa mahali pake.

Nilikuwa mtoto Temeke wakati huo. Kaka yangu, baba wa huyu kijana, alikuwa anapiga. Nakumbuka betri ya gari imewekwa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni rasmi, nyaya zinakwenda kwenye ampu, na kinanda kimelala mapajani mwa kaka. Mtaa mzima ulikuwa giza, umeme wa mgao, na muziki haukusimama. Marehemu baba aliuita uhuni. Mimi, mtoto mwema wa shule, nikaitikia. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilipotoa albamu ya Jagwa Music iitwayo Bongo Hotheads, nikasoma Wazungu wakiusifia muziki ule ule. Niliona aibu. Nilikuwa nimesubiri sifa ya mbali ili nisikie kilichokuwa dirishani kwetu.

Basi nikaenda Tandika kwa kaka, anakouza vipuri, nikampelekea swali la mwanawe. Nilikuwa na orodha yangu. Korg Volca, zilizoanza kutoka mwaka 2013, zinatumia betri sita ndogo, sauti yake ni nene, lakini mahali pa funguo ni ukanda wa kugusa tu. Yamaha Reface za mwaka 2015 ni nzuri mno, na bei yake inalijua hilo. OP-1 ya Wasweden, ya mwaka 2011, ni ya bati gumu, ina betri ya kuchaji ndani kwa ndani. Yamaha PSS-A50 ya mwaka 2019 ni nyepesi, ina betri nne, na inakubali hata pawabenki.

Kaka alisikiliza, akaniuliza kitu kimoja: “Betri zake zinauzwa na nani?”

Sikumwelewa. Akaeleza. Betri ya ndani ikichoka, unamtegemea fundi na kipuri cha kuagiza. Betri ya saa ya ukutani inauzwa dukani kwa Mangi saa nne usiku. Yeye alipokuwa anapiga, zikichoka katikati ya shughuli mtoto alitumwa mbio, na mapumziko yakawa ni ya wimbo mmoja tu. Ugumu wa chombo, kwa kaka, ni idadi ya watu walio karibu wanaoweza kukiokoa. Unene wa plastiki ni jambo la baadaye.

Kisha akavuta boksi chini ya kaunta, akatoa kinanda chake. Hakikuwa kimefunguliwa kwa miaka kumi na moja. Tulipotoa kifuniko cha betri tukakuta unga mweupe na kijani, betri zimevuja, chuma kimeliwa. Hakusema kitu. Alichukua pamba na siki kidogo, akaanza kufuta taratibu, kama mtu anayesafisha kidonda cha mtoto. Akafungua skrubu, akasafisha kwa spiriti vile vipira vidogo vilivyo chini ya funguo. Jioni, kwa betri mpya, kinanda kililia. Funguo mbili hazikuitika.

Kwa hiyo ushauri niliompa kijana umetoka kwa baba yake zaidi kuliko kwangu. Nunua chenye betri za dukani na spika yake ndani. Bonyeza kila ufunguo kabla hujatoa hela, na ufungue nyumba ya betri utazame kutu. Ukitumia adapta, angalia mchoro wa jumlisha na toa, maana Casio nyingi za zamani zina toa katikati, na ukikosea unarudi kwenye moshi. Usipokitumia kwa mwezi, toa betri. Hilo la mwisho kaka alilirudia mara mbili.

Kijana alikwenda Kariakoo akapata Casio ndogo ya mkono wa pili. Chenji akanunulia betri za kuchaji na spika. Jumamosi tulikwenda kumsikiliza, mimi na kaka. Kaka alibeba kile cha kwake kwenye mfuko wa rambo, akidai ni cha akiba.

Umeme haukukatika usiku ule. Kijana hata hivyo hakuchomeka kitu ukutani.