Mzigo mzito mpe seva

Hebu tuanzie Mkolani. Muuza dagaa anapiga *150*00# kwenye kitochi, menyu ya M-Pesa inakuja, anachagua namba, hela imekwenda. Kitochi hakijapiga hesabu yoyote. Kazi yote imefanywa na seva. Simu imeonyesha maandishi tu, yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja. Vodacom ilianza huduma hiyo Tanzania mwaka 2008, kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam Julai 2009. Intaneti ilikuwa ghali, ila menyu ya namna hii haiihitaji.

Wavuti nayo ilizaliwa hivyo hivyo. Mwaka 1991 Tim Berners-Lee alipoitangaza kwa umma, seva ilituma ukurasa ulio tayari, kivinjari kikauonyesha. Baadaye mambo yakageuka. React ya Facebook ilipotolewa kwa umma 2013, wengi wakahamishia kazi kwenye simu ya mtumiaji: kwanza ipakue JavaScript kibao, ndipo ijenge ukurasa yenyewe. Kama simu ni ya bei chee na bando linaisha, unabaki unatazama skrini nyeupe.

Mwaka 2020 ikaja htmx, faili dogo tu: ukibonyeza kitufe, seva inatuma kipande cha HTML kilicho tayari, kinapachikwa mahali pake. Sawa, programu ya kuhariri video bado inahitaji nguvu ya kivinjari. Ila fomu ya mkopo wa chuo, au matokeo ya mtihani? Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hapa Mnyamwezi wetu ni seva.