Reli ya Ubundu: chuma cha kwanza na chuma kilichobadilishwa

UBUNDU – Reli inayotoka Kisangani, ng'ambo ya kushoto, hadi Ubundu ina kilometa 125. Ilijengwa na kampuni ya Kibelgiji ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902, ili kuzunguka maporomoko ya Boyoma, ambayo meli haziwezi kuyapita. Ilifunguliwa mwaka 1906. Wakati ule Ubundu uliitwa Ponthierville, na Kisangani Stanleyville.

Leo kila chuma chenye kutu huitwa "cha Wabelgiji". Si kweli kila mara. Katika msitu wenye mvua nyingi, chuma cha miaka michache kinaweza kufanana na cha miaka mia.

Alama ya kuaminika iko ubavuni mwa reli. Kiwanda huandika jina lake, mwaka na mara nyingi uzito wa kila mita, kwa herufi zilizoinuka. Herufi hizo hutoka kwenye mashine inayoviringisha chuma kikiwa bado cha moto, kwa hiyo si rahisi kuziongeza baadaye. Namba zilizogongwa kwa nyundo huzama ndani. Hizo zinaweza kuwekwa wakati wowote.

Lakini mwaka ulioandikwa ni wa kutengenezwa, si wa kulazwa. Reli iliyochakaa kwenye njia kuu huhamishiwa pembeni mwa stesheni, au hugeuzwa ili upande mzima ndio ukanyagwe na gurudumu. Kwa hiyo reli ya zamani sana inaweza kuwa imefika pale ilipo jana tu. Matundu ya ziada ya buloni kwenye ncha yake yanaweza kuonyesha kwamba iliwahi kufungwa mahali pengine.

Mataruma ya chuma nayo yanasema. Njia ya Ubundu ina upana wa mita 1. Ile ya Kindu ilipanuliwa katika miaka ya 1950 kuwa milimita 1,067. Taruma lenye matundu ya upana huo halikutengenezwa kwa njia yetu.

Jambo hili si mchezo wa wapenda vitu vya kale. Mwaka 1997 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikaa kando ya njia hii, Kasese na Biaro. Tarehe 4 Mei, watu 91 walikufa kwa kubanwa katika mabehewa yaliyokuwa yakiwapeleka Kisangani. Chuma hiki ni shahidi, na kikiuzwa kwa kilo hakuna atakayekisoma tena.

Anayekuta kipande chenye maandishi akipige picha kabla hakijaondolewa, na aandike ni kilometa ya ngapi. Wazee waliofanya kazi ya reli, pamoja na wale ambao vita vimewahamisha, bado wanakumbuka ni wapi njia ilibadilishwa na lini. Herufi za kiwandani haziwezi kusema hilo.