Nürburgring 1957: Siku mzee Fangio, miaka 46, alifukuza Ferrari mbili na kuzikula zote

Ukiuliza wasee wa langalanga ni mbio gani zilikuwa moto zaidi, wengi watakutajia Abu Dhabi 2021, Hamilton na Verstappen. Sawa, ile ilikuwa noma. Lakini uliza mtu anayejua historia kidogo na atakurudisha nyuma hadi Ujerumani, Agosti 4, 1957, siku Juan Manuel Fangio alifanya kitu ambacho yeye mwenyewe alikiri baadaye hangetaka kurudia.

Kwanza mjue huyu mzee. Fangio alizaliwa Balcarce, Argentina, mwaka wa 1911. Alianza kama makanika, mikono imejaa grisi, na alifika Ulaya akiwa mtu mzima tayari. Kufikia 1957 alikuwa bingwa wa dunia mara nne: 1951, 1954, 1955 na 1956. Alikuwa na miaka 46, umri ambao leo dereva wa langalanga ashapewa kazi ya kuongea kwa TV.

Mwaka huo alikuwa amehama Ferrari akaenda Maserati, kuendesha ile gari yao nyekundu, 250F. Wapinzani wake wakubwa siku hiyo walikuwa vijana wawili Waingereza wa Ferrari: Mike Hawthorn, miaka 28, na Peter Collins, 25. Hawa walikuwa mabeshte wa kufa kuzikana. Na shika hii, juu itakusaidia mbele: mwaka uliotangulia, kule Monza, Collins alikuwa bado na nafasi ya kuwa bingwa. Gari ya Fangio ikaharibika. Collins akasimama, akashuka, akampa mzee gari yake. Wakati huo sheria ilikubali. Fangio akamaliza wa pili na kuchukua taji lake la nne. Yaani deni lilikuwepo.

Sasa barabara yenyewe. Usifikirie hizi za siku hizi zenye nafasi kubwa ya lami pembeni ukipotea. Nürburgring ya zamani ilikuwa karibu kilomita 23 kwa raundi moja, inapita msituni, inapanda na kushuka milima, kona zaidi ya 150, na pahali pengine gari inaruka tairi zote hewani. Pembeni ni miti, ua na mitaro. Mikanda ya kiti hakuna. Raundi moja ilichukua dakika 9 na ushee, ugali ya mtu mmoja inaiva. Na siku hiyo walikuwa wanapiga raundi 22.

Ferrari walikuja na plani ya kujaza tangi na kutumia tairi ngumu ili wasisimame hata mara moja. Maserati tairi zao zilikuwa laini, hazingemaliza safari. Kwa hivyo wakapiga hesabu yao: Fangio aanze na mafuta nusu, gari iwe nyepesi, afungue mwanya, asimame katikati abadilishiwe tairi za nyuma na kuwekewa mafuta, alafu arudi bado akiongoza.

Nusu ya kwanza ilienda vizuri kabisa. Raundi ya tatu alikuwa mbele, na mwisho wa raundi ya 12 aliingia kwa mafundi akiwa na uongozi wa karibu sekunde 30.

Hapo ndipo mambo yakachacha. Inasemekana nati ya gurudumu iliteleza ikabingirika chini ya gari, mafundi wakaanza kuitafuta. Fangio alikuwa ameshuka anakunywa maji. Wakati gari ilipokuwa tayari, Hawthorn na Collins walikuwa wamepita kitambo, na mzee alirudi barabarani wa tatu, akiwa nyuma kwa karibu sekunde 50.

Raundi za kwanza hakuonyesha makali. Tairi zilikuwa mpya, tangi limejaa, pengo halikupungua. Watu wa Ferrari wakaona mchezo umeisha, wakawaonyesha vijana wao ishara watulie.

Na hapa ndio utamu wa hii stori. Hakukuwa na redio kwenye gari. Dereva alijua kinachoendelea kupitia kibao anachoonyeshwa akipita mbele ya mafundi, mara moja kwa raundi. Kwa hivyo ukipewa habari mbaya, utaingia msituni dakika 9 nzima kabla upate nyingine. Wakati Ferrari waligundua Fangio anakuja na kuwaambia vijana wakanyage, mzee alikuwa tayari amekata sekunde zingine kadhaa penye hawamwoni.

Alikuwa anafanya nini? Kwa maelezo yake mwenyewe, zile kona za kasi alianza kuzipita na gia ya juu kuliko kawaida, akiacha gari iteleze lakini isipoteze mwendo. Hiyo ni kucheza na kifo, juu ukikosea kidogo tu hakuna breki itakuokoa. Rekodi ya raundi katika mbio ilikuwa yake, dakika 9 na sekunde 41.6, ya mwaka uliopita. Aliivunja, akavunja tena, raundi baada ya raundi. Raundi ya 20 akapiga dakika 9 na sekunde 17.4, kasi ya wastani kama kilomita 147 kwa saa. Hiyo ni sekunde 8.2 chini ya muda wake wa kufuzu, na wa kufuzu ndio ulikuwa bora kuliko wa kila mtu.

Raundi ya 21 akamfikia Collins. Walipopitana, jiwe kutoka kwa tairi la Maserati likavunja miwani ya kijana. Baada ya hapo ilibaki Hawthorn peke yake. Fangio akamwingilia ndani ya kona, tairi za upande mmoja zikiwa kwa nyasi, na akapita. Hawthorn hakukata tamaa, alimfuata hadi mwisho. Baada ya saa tatu na nusu za mbio, tofauti ilikuwa sekunde 3.6.

Kitu kinanibamba hadi leo ni kwamba Hawthorn na Collins walimpongeza huku wakicheka kama walioshinda wao.

Ushindi huo ulimpa Fangio taji la tano zikibaki mbio mbili msimu uishe. Rekodi ya mataji matano ilikaa hadi Michael Schumacher alipoifikia 2002 na kuivunja 2003. Ile ya bingwa mzee zaidi bado ni ya Fangio. Nürburgring pia ilikuwa ushindi wake wa 24 na wa mwisho, alistaafu 1958.

Collins alifariki Agosti 1958 baada ya ajali kwenye barabara hiyo hiyo ya Nürburgring. Hawthorn alichukua ubingwa mwaka huo akastaafu, na Januari 1959 akafa kwenye ajali ya barabara ya kawaida Uingereza, akiwa na miaka 29. Mzee Fangio aliishi hadi 1995, akafika miaka 84, na kule Balcarce kuna makumbusho yenye jina lake.