Kijiti Kisichoyeyuka

Chang'ombe na Keko, wilayani Temeke, sauti ya mashine za kuchomelea mageti haikauki. Ila fundi wa alumini utamtambua mara moja: hana cheche wala moshi. Ameinamia rejeta ya gari, mtungi wa gesi ya agoni uko kando yake, na kwenye ncha ya tochi yake kimechomoza kijiti cha kijivu, chembamba kama waya wa baiskeli.

Kijiti hicho ni tangsteni. Ndugu wawili wa Elhuyar waliitenga metali hiyo Bergara, Hispania, mwaka 1783. Mawe yake huchimbwa hata kwa jirani zetu Rwanda. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, chuma 1,538, tangsteni 3,422. Hakuna metali inayoizidi.

Hata hivyo, kuifuga haikuwa rahisi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Russell Meredith wa kiwanda cha ndege cha Northrop, Marekani, alitafuta njia ya kuunga magnesi kwa kijiti cha tangsteni, akapata hati miliki mwaka 1942. Mwanzoni kijiti kilipewa umeme chanya. Kikapata joto kupita kiasi, vipande vyake vikadondokea kwenye kiungo. Kilipopewa hasi kilipoa, lakini utando wa oksidi juu ya alumini haukuondoka. Suluhisho likawa umeme wa kubadilishana: nusu moja ya mzunguko inamenya utando, nusu nyingine inayeyusha kazi na kukipumzisha kijiti. Fundi wa Keko anatumia njia hiyo hiyo leo.

Adui wa kijiti ni hewa. Agoni ndiyo inayokikinga; gesi hiyo ikifungwa kabla hakijapoa, ncha hugeuka bluu, kisha nyeusi. Kikigusa alumini iliyoyeyuka, kinachafuka na mwale wa umeme unayumba. Hapo hakuna budi kukinoa upya. Kwa kazi za chuma hunolewa kwa urefu, kwa maana mikwaruzo ya kukata upande nayo huuyumbisha mwale.

Katika kunoa ndiko kuna hatari isiyosemwa vya kutosha. Vijiti vyenye alama nyekundu vina asilimia 2 hivi ya thoria, inayorahisisha kuwasha mwale lakini ina mionzi. Kikiwa kizima hakina shida kubwa. Vumbi lake likiingia mapafuni ndilo baya. Wanagenzi wengi hunoa uso wazi, jiwe la kunolea likiwa kifuani.

Fundi, dukani omba chenye alama ya dhahabu au ya bluu, ambacho kina lanthani na hakina mionzi hiyo. Kama chekundu ndicho ulichonacho, vaa barakoa ya vumbi, na usimwache kijana akinoe bila barakoa.