Sababu za giaboksi ya pikapu kuungua inapovuta trela, hata kwenye tambarare za Pwani

MKAZI wa Kisumu Ndogo mjini Malindi aliye na pikapu ya dizeli yenye gia za otomatiki pamoja na trela moja imara, ana njia nyingi za kujipatia riziki. Atavuta matangi ya maji siku ambazo mifereji imekauka, atabeba mawe ya kujengea kutoka machimboni, ataleta magunia ya chumvi kutoka Gongoni na Marereni, au atakodiwa kutoa boti la uvuvi ufuoni Watamu na kulifikisha Kilifi kwa matengenezo.

Kazi zote hizo zina adui mmoja ambaye dereva hamwoni. Adui huyo ni joto la giaboksi.

Injini inapopata moto kupita kiasi, mshale wa dashibodi hupanda, mvuke hufuka na dereva husimama. Giaboksi haina kelele hizo. Huweza kuungua kwa muda wa miezi kadhaa ilhali mshale wa injini umetulia katikati, kwani mshale huo hupima maji ya injini pekee. Mwenye gari hugundua siku ambayo anakanyaga mafuta, injini inanguruma, nalo gari halisogei.

Yapo maoni kwamba tatizo hili ni la watu wa bara, wanaopanda miinuko ya Mazeras au Mai Mahiu wakiwa na mizigo. Ni kweli kwamba mlima huchosha gari. Hata hivyo, Pwani ina mambo manne yanayoweza kuidhuru giaboksi sawasawa na mlima: matuta ya barabarani, mchanga, upepo na joto la hewa lenyewe. Dereva wa Malindi anayejiona salama kwa kuwa barabara yake ni tambarare yumo hatarini bila ya kujua.

ASILI YA JOTO

Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki pana chombo kiitwacho konveta. Asili yake ni baharini: mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905, akiwa na nia ya kuunganisha mitambo ya meli na rafadha zake. Magari yalikuja kunufaika baadaye. Kampuni ya General Motors ilitoa giaboksi ya kwanza ya otomatiki iliyoundwa kwa wingi, Hydramatic, mwaka 1939, na mwaka 1948 aina ya Buick ikaanza kutumia konveta katika giaboksi ya Dynaflow.

Ndani ya konveta mna mapangaboi mawili makuu yanayotazamana, nayo yamezungukwa na oili. Injini huzungusha moja, oili husukumwa na kugonga la pili, nalo huzungusha gia. Hakuna chuma kinachoshika chuma. Ndiyo maana gari la otomatiki husimama kwenye taa za barabarani likiwa limetiwa gia, wala lisizimike.

Manufaa hayo yana gharama. Pangaboi la kwanza linapozunguka kwa kasi kuliko la pili, nguvu inayopotea kati yao haiendi kokote isipokuwa ndani ya oili, nayo hugeuka kuwa joto.

Chukua mfano. Pikapu inavuta boti kutoka mchangani na injini inatoa kilowati 60. Ikiwa konveta inapitisha asilimia 70 tu ya nguvu hizo, kilowati 18 zinabaki ndani ya oili. Ni sawa na kuchemsha birika tisa za umeme za kilowati 2 kwa wakati mmoja, ndani ya lita chache za oili.

Watengenezaji wa magari walilitambua tatizo hili, wakaweka klachi ndani ya konveta. Gari likishika mwendo wa kutosha, klachi hiyo huyafunga mapangaboi mawili yaende pamoja, na joto hupungua ghafla. Katika magari mengi hali hiyo hutokea gari likiwa katika gia za juu na mwendo umepita kilomita 50 au 60 kwa saa.

Hapa ndipo siri ya Pwani ilipo. Safari ya takriban kilomita 120 kutoka Malindi hadi Mombasa hupitia Gede, Matsangoni, Kilifi, Vipingo, Kikambala na Mtwapa. Penye soko, shule au kituo cha matatu, aghalabu pana matuta. Kila tuta humlazimu mwenye trela kupunguza mwendo hadi karibu asimame, kisha avute tani mbili au tatu upya kutoka chini. Kila mara klachi ya konveta hufunguka na oili huchemka tena. Likifika kwenye foleni, gari hutambaa, upepo haupiti kwenye rejeta, na joto halina pa kwenda.

Mchanga ni mbaya zaidi, kwa sababu magurudumu huzama na gari hutumia nguvu nyingi kwa mwendo mdogo. Upepo nao si mzaha. Mzigo mrefu unaosafiri kuelekea Mombasa wakati wa kusi, au kuelekea Gongoni wakati wa kaskazi, hukumbana na upepo wa mbele unaoifanya injini ijitahidi kana kwamba inapanda kilima kisichokwisha.

JOTO HUHARIBU NINI

Oili ya giaboksi ya otomatiki hufanya kazi nne kwa pamoja: kupitisha nguvu, kulainisha, kupoza na kusukuma klachi ndogo zinazobadilisha gia. Ikiharibika, kazi zote nne huharibika.

Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Mafundi wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza umri wa oili kwa nusu. Kwenye nyuzi 115 au 120, oili ya kawaida huanza kuacha utando kama vanishi juu ya vyuma na vali. Ikikaribia nyuzi 130, sili za mpira hukauka na kuwa ngumu. Ikipita nyuzi 145, sahani za klachi huanza kuteleza, na kuteleza huko huzaa joto jingine. Oili za kisasa za viwandani huvumilia zaidi kidogo, lakini mfuatano wa madhara haubadiliki.

Kwa hivyo giaboksi haifi kwa safari moja. Boti la wiki iliyopita, maji ya jana na mawe ya leo, kila kimoja huacha alama yake.

DALILI ZA MAPEMA

Dereva makini hutambua mambo yafuatayo kabla ya gari kukwama:

Gia huchelewa kuingia, hasa ya kurudi nyuma, gari likiwa limepata moto.

Injini hupandisha mizunguko lakini mwendo hauongezeki.

Gari hutetemeka, mithili ya linalopita juu ya changarawe, linapokwenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa kwenye lami laini.

Harufu ya kitu kilichoungua husikika baada ya kusimama.

Oili hubadilika rangi. Kwa kawaida huwa nyekundu. Ikiwa ya hudhurungi au nyeusi, tena inanuka, imeungua. Ikiwa ya waridi na nzito kama maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani ya giaboksi, na gari halifai kuendeshwa hata kilomita moja zaidi.

Baadhi ya pikapu, zikiwamo za Toyota, zina taa ya onyo iliyoandikwa A/T OIL TEMP. Ikiwaka, usizime injini papo hapo. Egesha mahali salama, tia gia ya P, uiache injini inguruma taratibu. Pampu ya giaboksi huzungushwa na injini. Ukiizima, oili iliyochemka hubaki palepale bila ya kupozwa. Subiri mpaka taa izimike, kisha endelea kwa mwendo wa pole. Isipozimika, mwite fundi.

UZITO KABLA YA YOTE

Pikapu nyingi za sasa za tani moja, kama vile Hilux, D-Max na Ranger, zipo katika matoleo yanayoruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, mradi trela liwe na breki zake. Trela lisilo na breki huruhusiwa kilo 750 pekee. Kiwango halisi hutofautiana kulingana na injini na mwaka wa gari, kwa hivyo kitabu cha gari ndicho mwamuzi.

Hesabu ya maji ni rahisi: lita 1,000 ni kilo 1,000. Matangi mawili ya ukubwa huo ni tani mbili kabla ya kuhesabu uzito wa matangi na trela lenyewe. Mwenye kubeba matangi hayo juu ya trela lisilo na breki amekwisha kupita kiwango karibu mara tatu, na breki za pikapu zitamsaliti hata giaboksi isipomsaliti. Tangi lisijazwe nusu kwa kudhani kwamba limepunguzwa uzito tu: maji yanayosukasuka huyumbisha gari. Ni heri tangi moja lililojaa kuliko mawili yenye nusu.

KUENDESHA KWA AKILI

Kosa kubwa la wengi ni kuiacha gia katika D na kukanyaga mafuta. Giaboksi hutafuta gia ya juu, inashindwa, inarudi chini, kisha inajaribu tena. Kila mabadiliko ni joto. Unapovuta mzigo, zima gia ya juu kabisa kwa kitufe cha O/D, au tumia M au S na uchague gia ya nne au ya tano mwenyewe. Injini ya dizeli hufurahia mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika. Itanguruma zaidi, lakini konveta itafunga mapema na oili itapoa.

Katika foleni ndefu, usitambae futi moja moja. Acha nafasi mbele, kisha sogea mara moja. Mkisimama kwa muda mrefu, tia N.

Kwenye mchanga, tumia 4L. Gia hiyo huongeza nguvu kwenye magurudumu na kuiwezesha konveta kuzunguka bila ya kuteleza sana. Punguza pia upepo wa magurudumu, na ukumbuke kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Wavuta boti wana tahadhari ya ziada. Giaboksi na difu zilizopata moto, zikitumbukizwa ghafla katika maji ya bahari, hupoa na hewa iliyomo ndani husinyaa. Ombwe hilo huvuta maji ya chumvi kupitia tundu la kupumulia au sili zilizochoka. Fika ufuoni, pumzisha gari kwa nusu saa, ndipo urudi nyuma majini. Kisha osha sehemu ya chini na rejeta kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani chumvi hula mapezi membamba yanayopoza oili.

Madereva wa gia za mkono nao hawajasalimika. Wao hawana konveta, lakini wana klachi. Kushikilia nusu klachi huku boti likipandishwa kutoka majini kunaweza kuiunguza kwa dakika chache. Katika pikapu nyingi za zamani zenye gia tano, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, na ndiyo bora kwa kuvuta mzigo. Ya tano iachwe kwa safari tupu.

MATENGENEZO

Pikapu inayovuta trela mara kwa mara inafaa kuongezewa kipozeo cha oili, kinachofungwa mbele ya rejeta mahali penye upepo. Kipimajoto cha giaboksi nacho ni msaada mkubwa, kwa sababu humwonyesha dereva kile ambacho dashibodi inamficha.

Madai kwamba oili ya giaboksi hudumu maisha yote ya gari hayafai kwa gari la kazi. Vitabu vya magari hutenga ratiba maalumu kwa matumizi magumu, na kuvuta trela katika nchi ya joto na vumbi ni miongoni mwayo. Mafundi wengi hushauri kubadilisha oili hiyo baada ya kila kilomita 40,000 hadi 60,000. Tumia aina iliyotajwa kitabuni, si yoyote iliyo nyekundu dukani, wala usichanganye aina mbili.

Giaboksi iliyoungua humgharimu mwenye gari zaidi ya shilingi laki moja kwa urahisi, mbali na siku ambazo gari limelala gereji na wateja wamehamia kwa mwingine. Kubadilisha oili, kuosha rejeta na kushusha gia moja kabla ya tuta la Gede ni gharama ndogo mno zikilinganishwa na hasara hiyo.