Nani huchagua kitafunwa cha saa nne? Historia fupi ya chakula shuleni Kenya

UZI 🧵

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aahidi maziwa, uji ama chakula cha bure shuleni. Halafu tunagawanyika. Wengine wanasema ni haki ya mtoto, wengine wanasema mzazi afunge chakula cha mtoto wake aache kusumbua serikali. Sitataja mtu wala chama. Nataka tu tujue tulifikaje hapa, juu hii hadithi ina zaidi ya miaka 40.

2/ Tuanze 1979. Serikali mpya ilikuwa imeingia mwaka uliotangulia. Karo zilizobaki katika shule za msingi ziliondolewa, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka karibu milioni 3 hadi karibu milioni 3.7 kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huohuo yakaja maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yale wazazi wetu wanaita Maziwa ya Nyayo.

3/ Mamangu alikunywa hayo maziwa. Pakiti ndogo ya pembe tatu, mililita 200. Anasema walikuwa wanauma kona na meno, wanafyonza, halafu pakiti tupu inajazwa hewa na kukanyagwa ipasuke. Ukimuuliza alisoma nini darasa la tatu hakumbuki, lakini siku za maziwa anazikumbuka.

4/ Swali ambalo watu hawaulizi: kwa nini maziwa, na si ndizi au njugu? Mtoto hakuulizwa, na mzazi pia hakuulizwa. Maziwa yalichaguliwa kwa sababu tayari kulikuwa na mfumo wa kuyakusanya na kuyapakia. KCC ilianzishwa na walowezi mwaka 1925, na baada ya uhuru wakulima wadogo wakaingia kwa wingi. Serikali ikinunulia watoto maziwa, mfugaji naye anapata soko. Hapo si vibaya. Lakini elewa kwamba chakula cha breki ni uamuzi wa kilimo pia. Kila pakiti ina mkulima nyuma yake.

5/ Kule kwenye ukame hadithi ilikuwa tofauti. Kuanzia 1980, serikali pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walianza kulisha shule za maeneo kame: mahindi, maharagwe au dengu, na mafuta. Chakula kilipikwa shuleni, na kwa watoto wengi ndicho kilichowaleta darasani. Hapa chaguo lilitegemea mfadhili ameleta nini.

6/ Sasa tuone maziwa yaliishaje. Mwaka 1992 soko la maziwa lilifunguliwa, KCC ikapata washindani. Muongo huo ikazama kwenye madeni hadi ikashindwa kulipa wakulima. Maziwa ya shule yakaanza kuchelewa, yakaruka shule zingine, na kabla muongo uishe yakawa ni kumbukumbu. Yalikuja kwa tamko la juu, si kwa sheria. Kwa hivyo yalipopotea, hakuna mzazi aliyekuwa na karatasi ya kupeleka mahakamani.

7/ Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure tena. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Hiyo ilikuwa ya vitabu na uendeshaji wa shule. Chakula hakikuwa ndani. Mimi ni wa kizazi hicho. Kengele ya saa nne ikilia tulikimbia langoni: mandazi ya bob 5, viazi karai, mabuyu, achari. Rafiki yangu wa deski moja hakuwa akikimbia. Alienda kwa mfereji, anakunywa maji, anarudi anasema ameshiba. Nilikuja kuelewa baadaye sana.

8/ Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wake wa kununua chakula cha shule humu nchini, na kidogo kidogo ikachukua shule zilizokuwa zikilishwa na WFP. Kufikia 2018 makabidhiano yakakamilika. Hii ni hatua kubwa ambayo haipigiwi kelele: mahindi na maharagwe ya shule yakaanza kutegemea bajeti yetu wenyewe.

9/ Katikati ya hayo tukapata Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Sawa. Lakini Jedwali la Nne likagawa kazi: chekechea ni ya kaunti, shule ya msingi ni ya serikali kuu. Ndiyo maana kaunti inaweza kupikia watoto wa PP2 uji, na mwaka unaofuata mtoto yuleyule akiingia Gredi 1, pengine uwanja uleule, uji unakatika. Njaa yake haijabadilika. Kilichobadilika ni ofisi inayomhusu.

10/ Nairobi ilijaribu kuvuka huo mpaka mwaka 2023 kupitia Dishi na County: mlo wa mchana, mzazi analipa shilingi 5, gharama iliyobaki inabebwa na kaunti na mshirika wake. Uunge mkono, upinge, lakini uliza lile swali la 1979: mwenye kuanzisha akiondoka, sufuria itabaki jikoni?

11/ Kwa hivyo ukisikia ahadi ya chakula shuleni, usipige makofi wala kuzomea kwanza. Uliza: Pesa iko kwa bajeti ya nani, na ni ya miaka mingapi? Kuna sheria, ama ni tamko? Kitanunuliwa kwa mkulima gani, na atalipwa lini? Mtoto wa Turkana na wa Mukuru watakipata, ama ni wa karibu na lami tu?

12/ Na wale wa "mzazi afunge chakula": ni kweli, mwenye uwezo afunge. Ndizi, yai la kuchemsha, njugu ama kiazi kitamu kinashinda krips za kila siku. Lakini kuchagua kitafunwa ni kwa mtu mwenye viwili vya kuchagua. Yule wangu wa mferejini hakuwa na hata kimoja, na hakukosa mama anayempenda.

13/ Mwisho wa uzi. Niambie hapo chini: breki ya saa nne ulikuwa unakula nini, mwaka gani, na nani alilipa?